Uzi: Wanafunzi wangu wamechora kumbukumbu ya kimbari, na hakuna hata mmoja aliyeweka pa kutunzia ufagio

#1 RamaniNaMawe

Hamjambo wanajukwaa. Huu uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite bila lawama.

Mimi ni msanifu majengo, ofisi yangu iko Ngara, na siku mbili kwa wiki nafundisha chuoni. Muhula huu niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kazi moja: wachore mahali pa kukumbukia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye kiwanja cha nusu eka hapa hapa Nairobi. Wateja ni wa aina mbili. Kuna familia za manusura wanaoishi mjini humu, ambazo ikikaribia tarehe 7 Aprili huanza kutafuta pa kukaa pamoja. Halafu kuna watoto wa sekondari, waliozaliwa miaka kumi na tano na zaidi baada ya 1994, ambao Rwanda wanayoijua ni ile ya barabara safi na mbio za baiskeli.

Kabla hamjaniuliza kwa nini Nairobi: waliokimbia walipitia hapa, na waliowakimbiza walipitia hapa vilevile. Jean Kambanda, waziri mkuu wa ile serikali iliyosimamia mauaji, alikamatwa Nairobi Julai 1997, akapelekwa Arusha kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, na mwaka uliofuata akakiri mashtaka na kufungwa maisha. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mjane na wakubwa wa wauaji wa mumewe wangeweza kusimama foleni moja ya mkate.

Basi, juzi michoro ikaletwa. Ukuta uliopasuka katikati, upo. Mwali usiozimika, upo. Njia nyembamba ya giza inayokutoa kwenye nuru, karibu kila meza. Kuna aliyesimamisha nguzo 100 kwa zile siku 100, na nguzo zenyewe zikamwacha bila pa kukaa mtu. Kazi safi, mistari imetulia, vivuli vimepakwa vizuri. Nikapita meza hadi meza na swali moja: ufagio utakaa wapi?

Walicheka. Nilipouliza mara ya tatu wakaona sitanii.

Niwaambie swali hilo nililitoa wapi. Mwaka 2011 nilipanda basi hadi Kigali, na siku ya pili nikaenda Nyamata, kusini mwa jiji. Ni kanisa la matofali, paa la mabati, kubwa kiasi lakini la kawaida, la aina ambayo kila mmoja wetu amewahi kuhudhuria harusi ndani yake. Aprili 1994 watu kama 10,000 waliuawa humo ndani na kwenye uwanja wake. Nguo zao zimelundikwa juu ya mabenchi. Si nguo chache kwenye kabati la kioo. Ni benchi baada ya benchi, mlundo wa rangi ya udongo. Ukiinua macho, mabati yametobolewa kwa risasi na vipande vya guruneti, na jua linapenya kwa vitundu vidogo vidogo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo, maana nilikuwa nimesoma. Ambalo sikuwa nimejiandaa kwalo ni mama mmoja aliyepiga magoti kando ya benchi la tatu, ana brashi ya kupakia rangi, mpya, anafuta vumbi kwenye kola ya shati la mtoto. Akimaliza kola anahamia mkono. Polepole, kama anayemvisha mtu. Nikajiuliza atafika benchi la mwisho lini, na akifika la mwisho si la kwanza litakuwa limeshika vumbi tena?

Pale nilielewa kwamba jengo lile lilishachorwa na wauaji. Matundu ya paa wametoboa wao. Kazi iliyobaki kwa mtu wa fani yangu ni kuzuia mvua isipite kwenye matundu hayo bila kuyaziba. Hebu kalieni kiti mchore hilo! Ukibadilisha mabati umefuta ushahidi. Ukiyaacha, maji yanaozesha nguo. Ukiweka mabati mengine juu yake, jua halipenyi tena, na mgeni hataona alichokuja kuona. Ntarama, lile kanisa dogo jirani, walijenga paa kubwa juu ya paa, limesimama kwa nguzo zake lenyewe, kanisa limebaki chini yake bila kuguswa. Kwa mbali linaonekana kama hema la sherehe. Kuna wanaolichukia. Mimi nalipenda kwa sababu aliyelichora alikubali kuchora mwavuli tu na kunyamaza.

Hoja yangu ni hii, na mnipige mawe mkitaka: kumbukumbu ya kimbari inachorwa kuanzia kwa mtu atakayeifagia. Nani huyo, analipwa na nani, anakaa wapi mvua ikinyesha, anasema nini mtoto akimuuliza. Umbo lije baadaye.

#2 PesaYaNani

Heshima kwako mwalimu, lakini niseme wanaloogopa kusema wengine. Hizo kumbukumbu zipo Rwanda, tena nyingi. Sisi hapa tuna zetu ambazo hatujazijengea hata kibanda. Mnataka kumjengea jirani matanga na kwenu maiti iko sebuleni?

#3 RamaniNaMawe

PesaYaNani, sikukatalii. Ila anza kuhesabu tulicho nacho uone tumejifunza nini kwacho.

Simama Kenyatta Avenue kwenye wale askari watatu wa shaba, sanamu ya 1928. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawaahidi wapiganaji na wapagazi kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Majina yenyewe hayapo. Hata moja! Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika ile vita ya kwanza, na ukumbusho wao mkubwa mjini humu ni jina la mtaa, Kariakor, ambalo abiria wa matatu hulitaja kila siku bila kujua limetoka kwenye kikosi cha wabebaji mizigo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba waliofia upande wao wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Halafu vuka hadi Uhuru Park, kwenye ukumbusho wa Mau Mau uliozinduliwa Septemba 2015. Uliona yule mama anavyompa mpiganaji chakula? Kila mmoja ametazama kando, asimwone mwenzake usoni, ili akikamatwa asiwe na sura ya kumtaja. Hiyo ni sanamu inayofundisha. Mtoto akiuliza mbona hawatazamani, umeshapata somo la nusu saa.

Na Nyayo House. Watu wanapanga foleni ya pasipoti, na chini ya miguu yao ndiko kuliko vile vyumba vya mateso. Hapo hakuhitajiki msanifu. Panahitajika funguo na mtu wa kueleza.

#4 MzaliwaWaKawangware

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi nimezaliwa hapa, mama ni wa Butare. Nyumbani kwao walikuwa tisa, wakabaki wawili, yeye na mama mdogo.

Mwalimu umeuliza kuhusu ufagio, mimi nikuulize kuhusu mifupa.

Wakati wa gacaca, zile mahakama za vijijini za kesi za mauaji hayo, mtu mmoja alikiri na kuonyesha shimo. Mama akapigiwa simu, akapanda basi. Babu, mama alimtambua kwa mkanda, kwa sababu babu alikuwa amekonda mwaka ule akaongeza tundu kwa msumari, na tundu halikukaa katikati. Mama alitaka azikwe, mkanda na yote, udongo ufunike, yaishe. Mama mdogo alisema hapana, mifupa iwekwe watu waione, kwa sababu wapo wanaosema hayakutokea, na siku sisi wawili tukifa nani atabisha? Ndugu wawili, shimo moja, na hadi leo hawajakubaliana. Mama hajawahi kuingia chumba chenye mafuvu. Mama mdogo kila mwaka anaingia na anahesabu.

Sasa mwanafunzi wako anamchorea nani kati yao?

#5 FundiTeraso

Dada, pole sana. Mwambie mama shikamoo.

#6 RamaniNaMawe

MzaliwaWaKawangware, asante kwa kutuamini na hayo. Nitajibu kwa lugha ya ramani maana ndiyo ninayoiweza.

Rwanda yenyewe haikuchagua jibu moja. Gisozi, pale Kigali, zaidi ya watu 250,000 wamezikwa chini ya vibamba vikubwa vya zege, bustani pembeni, maonyesho yako ndani ya jengo. Palifunguliwa Aprili 2004, miaka kumi baada ya mauaji. Mama yako anaweza kufika pale, akaweka ua juu ya zege, akaketi, akaondoka. Murambi ni kinyume chake. Ni shule ya ufundi juu ya kilima, watu walikusanywa huko kwa ahadi ya kulindwa, na baadhi ya miili iliyofukuliwa ilipakwa chokaa ikalazwa kwenye vichanja madarasani. Nywele za wengine bado zipo. Sikumaliza madarasa, nilifika la tatu nikatoka. Nje, ambako askari wa Ufaransa walipiga kambi baada ya mauaji, kuna kibao kinachosema hapa ndipo walipochezea voliboli. Kibao tu na nyasi, na mpaka leo nakikumbuka kuliko majengo mengi niliyolipwa kuyachora.

Sasa la ramani. Makosa ninayoyaona kwa wanafunzi, na kwa wakubwa wao pia, ni ile njia ya lazima: ukiingia huna pa kutokea mpaka umepita kila chumba. Wanadhani uzito unapatikana kwa kumfungia mtu. Mimi nasema kila chumba kigumu kiwe na mlango wa pili, na kizingiti kabla yake, mahali pa kusimama ukajua mbele kuna nini, na njia ya pembeni inayokufikisha mwisho uleule bila kupita humo. Mama yako apite pembeni, mama mdogo apite kati, wakutane bustanini. Siwezi kuwapatanisha. Naweza kuhakikisha hakuna anayelazimishwa na ukuta wangu.

Na kuna chumba kingine ambacho sijakiona kwenye mchoro wowote. Huko Rwanda Aprili ikifika, watu huangukiwa na jinamizi la kumbukumbu katikati ya hafla, wanaita ihahamuka. Mtu anapiga kelele, anakimbia, anaanguka. Wahudumu humbeba wakamlaza pembeni. Pembeni wapi? Nani alichora hiyo pembeni? Inataka godoro, dirisha la juu, mlango mpana wa watu wawili waliobeba wa tatu, na isiwe mbali na ukumbi wala isisikike ukumbini.

#7 MwalimuWaHistoria

Nafundisha sekondari huku Buruburu, na hapa kwenye elimu naomba nichangie.

Nimewahi kupeleka kidato cha tatu pale bustani ya Agosti 7, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Najua lile ni shambulio la bomu, si kimbari, lakini nataka mwone watoto wanavyofanya. Wale 213 waliokufa Nairobi mwaka 1998 majina yao yamechongwa ukutani. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri. Hakuna aliyenisikiliza. Kila mtoto alikwenda moja kwa moja ukutani kutafuta jina linalofanana na lake. Wakalipata, au la jirani, au la shemeji. Halafu mmoja akauliza: “Mwalimu, huyu alikuwa anafanya kazi gani?” Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nimeaibika.

Jina peke yake humkaribisha mtoto mlangoni. Akishaingia anataka kujua marehemu alipenda nini, aliogopa nini. Nasikia Gisozi wana chumba cha watoto cha namna hiyo.

#8 RamaniNaMawe

Wanacho, Mwalimu. Picha kubwa ya mtoto, chini yake umri wake, chakula alichokipenda, mchezo wake, rafiki yake, na jinsi alivyouawa. Sentensi fupi kama za kadi ya kliniki. Niliona kundi la wanafunzi likiingia kwa kelele, na walipofika kwenye chakula anachokipenda kelele ikakata yenyewe. Chipsi. Wali. Maziwa. Ni vitu ambavyo wao pia walikuwa wamekula asubuhi ile. Msanifu hana kazi kubwa mle ndani zaidi ya kuhakikisha picha iko kimo cha macho ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Wengi wetu tunapima kwa macho ya mgeni rasmi.

#9 FundiTeraso

Haya ngoja na sisi wa mikono tuseme. Miaka 26 kwenye mjengo, nimechonga mawe ya makaburi mpaka nimeota nayo.

Mmesema majina. Majina yanaandikwaje? Rangi juu ya plasta, mvua mbili imekwisha. Shaba, Nairobi hii? Utaweka Jumatatu, Jumatano iko kwa wauza chuma chakavu. Graniti iliyong'arishwa ni nzuri lakini inateleza na ni ghali, na herufi ukizichonga juu juu hazionekani jua likiwa utosini. Mimi ningechukua jiwe la Mazeras kwa sakafu, linashika mguu hata likilowa, na kwa ukuta graniti nyeusi isiyong'arishwa sana, herufi zichongwe zizame, kwa kimo cha mkono wa mtu. Kwa sababu watu watayagusa majina. Hilo nimeliona kila kaburi. Hawasomi kwanza, wanagusa.

Na muache nafasi. Nimewahi kuitwa kuongeza jina kwenye ukuta uliojaa, ikabidi tulibane kwenye kona kama tangazo la dawa ya mende. Familia ilitazama, haikusema neno. Sitaki tena.

#10 RamaniNaMawe

Fundi, umesema jambo ambalo nililipigia kelele wiki nzima darasani. Ukuta wa majina wa Gisozi una nafasi tupu, kwa sababu majina mengi hayajakusanywa bado. Kuna ukoo ulioisha wote, hakuna aliyebaki wa kumtaja mwingine. Ukuta uliojaa ungekuwa umedanganya.

Na kuhusu vifaa, niwape kisa cha Berlin, kwa sababu kila mwanafunzi ananiletea Berlin kwenye simu. Lile shamba la zege alilolichora Peter Eisenman kwa ajili ya Wayahudi waliouawa Ulaya, matofali makubwa 2,711, lilifunguliwa Mei 2005. Ardhi inazama na kupanda, unaingia matofali yakiwa usawa wa goti na mara yamekupita kichwa, na mwenzako huwezi kumwona. Hayana jina, hayana nyota, hayana chochote. Mwaka 2003 ujenzi ulisimama kwa muda. Kampuni iliyotoa dawa ya kukinga zege lisichorwe michoro ya mitaani, Degussa, ilikuwa na uhusiano wa zamani na kampuni iliyotengeneza Zyklon B, ile gesi iliyotumika kuwaulia Wayahudi. Wakabishana pale: tuvunje tulichojenga, tutafute muuzaji mwingine? Waliamua kuendelea nayo. Siku hizi nikisaini karatasi ya manunuzi ya saruji huwa nakumbuka. Katika kazi ya namna hii hata ndoo ya rangi ina ukoo.

Watu hukaa juu ya matofali yale wakala mkate, watoto wanarukaruka, wengine wanapiga picha za kutabasamu. Kuna wanaokasirika sana. Mimi sikasiriki, maana ukimpa mtu umbo bila neno atalifanyia anachojua. Chini yake kuna maonyesho ambayo mchoraji mwenyewe hakuyataka mwanzoni, yaliongezwa kwa kusukumwa. Humo mna chumba cha giza, linasomwa jina na maisha ya mtu kwa sentensi chache, kisha jingine. Kuwasoma wote kwa namna hiyo kungechukua zaidi ya miaka 6. Nikiambiwa nichague kati ya shamba lote la juu na kile chumba, nachukua chumba.

Lakini ninachokionea wivu kabisa Ujerumani ni kitu cha sentimita 10 kwa 10. Gunter Demnig, msanii, anapachika vijiwe vyenye bamba la shaba kwenye njia ya waendao kwa miguu, mbele ya nyumba ambayo mtu aliishi kabla ya kuchukuliwa. Hapa aliishi fulani, kazaliwa lini, kapelekwa wapi. Vimepita 100,000 Ulaya nzima sasa. Shaba huwa nyeusi ikikaa, kwa hiyo majirani hutoka na kitambaa na dawa, wakapiga magoti, wakasugua. Mnaona? Ufagio umeshachorwa ndani ya kitu chenyewe. Kingekuwa cha chuma kisichoshika kutu, hakuna ambaye angepiga magoti.

(Fundi, najua, hapa vingeibwa. Nimesema naonea wivu tu.)

#11 NyamKisumu

Mimi nilikuwa mtoto Kisumu mwaka ule. Nyumbani tulikaa muda mrefu bila samaki mezani, mama akasema ziwa limeingiwa na msiba. Baadaye sana ndiyo nikaelewa kwamba mto Kagera ulikuwa unawaleta watu Ziwa Victoria. Upande wa Uganda wavuvi na wanakijiji waliwaopoa wakawazika, zaidi ya 10,000, na sasa kuna maeneo matatu ya kumbukumbu: Kasensero, Lambu na Ggolo. Watu waliozika wageni ambao hawakuwajua hata majina. Mwalimu, ukitafuta mtu wa kufagia, hao walikuwa wameshaanza kabla msanifu hajaitwa.

#12 PenseliHB

Mwalimu samahani, mimi ni mmoja wa walioleta ukuta uliopasuka. 😅

Naomba nijitetee. Wewe unasema msanifu anyamaze, achore mwavuli. Lakini mifano yako yote ni ya mahali ambapo mauaji yalitokea. Pale mahali penyewe panaongea. Sisi umetupa nusu eka tupu ya Nairobi, hakuna kanisa, hakuna matundu, kuna ua wa michongoma na kelele za matatu. Tukinyamaza sisi, nani ataongea? Na Bisesero je? Ulituonyesha mwenyewe. Ile ilichorwa tangu mwanzo na unaipenda.

#13 RamaniNaMawe

Amenikamata. Wanajukwaa, hawa ndio wanafunzi mnaolipa karo.

Kweli, Bisesero imechorwa, na nusu ya hoja yangu inayumba pale. Kwa wasiojua: ni kilima magharibi mwa Rwanda, karibu na Ziwa Kivu, ambako Watutsi walipigana kwa mikuki na mawe kwa wiki kadhaa dhidi ya watu wenye bunduki. Makumi ya maelfu walikufa. Kumbukumbu yake ni njia inayopanda mlima kwa kona kona, na kando yake vyumba vidogo tisa, kila kimoja kwa wilaya moja kati ya zile tisa za mkoa wa Kibuye wa wakati ule. Unapanda mpaka pumzi inakata. Na pumzi ikikata ndipo unapoelewa waliokuwa wakipanda huku wanafukuzwa, njaa tumboni, mvua mgongoni. Mchoraji alitumia mwinuko uliokuwepo na mapafu ya mgeni. Ndiyo maana, PenseliHB, Bisesero inafanya kazi na ukuta wako haufanyi: ukuta wako unanieleza kwamba kuna kitu kimepasuka, na hilo nilishalijua nikiwa getini.

Mwaka 2023 UNESCO iliweka Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero kwenye orodha ya urithi wa dunia, zote nne kwa pamoja. Kanisa, shule, makaburi ya jijini, mlima. Tatu unaweza kusema hazikuhitaji mchoraji wa maumbo. Ya nne ilimhitaji. Basi nakupa robo ya ushindi.

Swali lako la nusu eka tupu bado ni zuri na sina jibu kamili. Ninachojua ni kwamba mahali ambapo hakuna kilichotokea hapawezi kujifanya pametokea. Usiniletee mabati uliyoyatoboa mwenyewe kwa drili. Nimeyaona, mchoro wa mwenzako, sitamtaja.

#14 PesaYaNani

Nakubali nimebadilika kidogo. Kidogo! Lakini nani analipa mshahara wa huyo mtu wa ufagio? Tumezindua mangapi hapa kwa bendera na mahema, mwaka wa pili maua yamekauka, mwaka wa tatu kuna mtu anachoma mahindi kwenye kibao cha uzinduzi.

#15 FundiTeraso

Mchoma mahindi muajirini! Yuko pale tangu alfajiri, anajua kila anayepita, na moto usiozimika anao tayari.

#16 RamaniNaMawe

Fundi umenifanya nimwage chai. Lakini unajua si mzaha mtupu.

PesaYaNani, kwenye makadirio ninayowataka walete kuna mstari wa kwanza kabisa, kabla ya msingi na kabla ya zege: mishahara ya watu wawili kwa miaka ishirini. Mmoja wa kutunza, mmoja wa kusimulia. Kinachobaki ndicho cha kujengea. Wengi wamegundua kinachobaki ni chumba kimoja, kivuli na ukuta. Wamenuna. Ila michoro imeanza kuwa mizuri.

#17 PenseliHB

Nimechora upya usiku kucha. Ukuta umeondoka. Kuna varanda ndefu, upande mmoja majina na nafasi tupu, upande wa pili chumba kimoja cha darasa chenye meza, si jukwaa. Mlango wa pili upo. Chumba cha godoro kipo. Pa kuweka ufagio nimepaweka pale getini mahali pa kwanza, dirisha lake linatazama njia, ili mtunzaji awe ndiye mtu wa kwanza unayemwona na umsalimie. Varanda nimeielekeza magharibi, njia ya ndege za Kigali, lakini hilo sijaliandika popote, mtu akilijua atalijua.

Nimekwama kwenye kitu kimoja. Mwisho wa varanda pametokea uwazi wa mita tatu na sijui niweke nini. Nilitaka kuweka mwali, nikaogopa nitachekwa.

#18 MzaliwaWaKawangware

Mdogo wangu, nimemsomea mama maelezo yako, nikimtafsiria palipo pagumu. Alinyamaza muda. Halafu akasema mwambieni aweke maji. Kila mwaka akitoka kwenye hafla anatafuta pa kunawa uso kabla hajapanda matatu, na hapati, anaishia kununua chupa dukani.

#19 PenseliHB

Ninaweka bomba.

#20 FundiTeraso

Mabomba mawili. Moja la chini, la watoto. Na mkondo wa kutolea maji uwe mpana, usije ukaziba na majani ya jakaranda.